Kompyuta 21, wanafunzi 46: niendelee kuwakalisha wawili wawili?

BARUA

Anti, shikamoo.

Naomba unisamehe kama barua itakuwa ndefu, hili jambo nimelibeba peke yangu kwa muda na sasa limenielemea. Mie ni mwalimu wa kompyuta wa sekondari na nina darasa moja ambalo linaninyima usingizi. Wanafunzi ni 46. Kompyuta zinazowaka ni 21, zingine zipo pale mezani lakini moja haina skrini, nyingine imekufa kabisa, tumezifanya za kunyofolea vipuri. Kwa wiki napata vipindi viwili vya dakika 40. Basi tangu nipewe hili darasa nawakalisha wawili wawili, na kwenye mashine nne wanakaa watatu, na sikuwahi kuona kama ni tatizo manake mie mwenyewe nilijifunza hivohivo, tumebanana kwenye mashine moja.

Mambo yamebadilika baada ya jaribio la katikati ya muhula. Mtihani wa mwisho wa mwaka ni wa vitendo, kila mtoto anakaa peke yake mbele ya kompyuta, kwa hiyo nikaona niwapime hivyohivyo, nikawaingiza kwa makundi. Kuna binti mmoja mpole sana, huwa anakaa na kijana ambaye kwa kompyuta ni moto, kwao anayo, vidole vyake vinakimbia. Nilimkalisha naye makusudi ili amsaidie. Siku ya jaribio yule binti alitumia dakika nyingi kuandika jina lake tu, anatafuta herufi moja moja, akafanya fanya kazi alafu mwisho akafunga bila kusevu. Kwenye folda yake sikukuta kitu. Nilipomwita pembeni nikamuuliza kwa mdomo fomula ya kutafuta wastani inafanyaje kazi akanieleza vizuri tu, tena akaniambia ukiacha seli, yaani kile kisanduku cha jedwali, tupu wastani haubadiliki ila ukiweka sifuri unashuka. Nikabaki namwangalia. Lakini mtihani haupimi mdomo Anti.

Yule kijana yeye alimaliza wa kwanza, kazi safi. Yalikuwepo maswali mawili ya kueleza kwa maneno akayaacha wazi, ila hayo yana maksi chache.

Sasa baba wa yule kijana amekuja shuleni. Alikuja kwa heshima zake, hakufoka, lakini ameumia. Anasema mwanae anapoteza muda kumsubiri mwenzie, kwamba amegeuzwa kuwa mwalimu msaidizi bila mshahara, na kwamba yuko tayari kumpa laptopu yake aje nayo darasani akae peke yake. Akasema pia wapo wazazi wengine wenye uwezo huo, na wakifanya hivyo si ndo watakuwa wamewapunguzia wenzao foleni? Kwa hesabu ana pointi. Lakini nikifikiria yule binti atakaa na nani na atajisikiaje, moyo unakataa.

Mwenzangu wa hesabu yeye ananiambia niligawe darasa, nusu waingie kipindi cha kwanza nusu cha pili, kila mtu na mashine yake, basi. Anasema dunia nzima sasa hivi ni mtoto mmoja kompyuta moja, mie nang'ang'ania mambo ya zamani. Nikigawa watakuwa 23, yaani hata hapo bado mashine mbili zitabaki na watu wawili, lakini angalau. Tatizo ile nusu nyingine itakuwa wapi na nani? Mwalimu wa kuwashika hakuna.

Mkuu wa shule amesema uamuzi ni wangu ila anautaka kabla muhula mpya haujaanza, na yule baba anarudi Ijumaa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Nimekuwa nikiwaambia watoto kwamba kukaa wawili kunawafundisha kushirikiana. Sasa najiuliza hivi nilikuwa naamini kweli au nilikuwa natafuta maneno mazuri ya kufunika uhaba? Kama kesho ningeletewa kompyuta 46 ningewakalisha wawili wawili bado? Sijui. Nisaidie Anti.

Mwalimu aliyekwama


JIBU

Marahaba mwalimu wangu, na pole.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikiwa upande wa yule binti, mara ya pili nikajikuta upande wa yule baba, na ya tatu nikakuona wewe umesimama katikati ya meza 21 unajaribu kumtendea haki kila mtu kwa dakika 40. Kwa hiyo jua kabla ya yote kwamba hiki unachokiuliza si kidogo na wala hujakosa akili kushindwa kukiamua haraka.

Ngoja nione kama nimekuelewa. Una njia tatu mezani. Uendelee na wawili wawili, ugawe darasa kila mtu akae peke yake lakini kwa nusu ya muda, au uruhusu wenye laptopu waje nazo. Na chini yake kuna swali la nne ambalo ndo zito kuliko yote, kama kile unachowaambia watoto kuhusu kushirikiana ni kweli au ni maneno ya kufunika upungufu. Nitafika huko, lakini kwanza naomba tushike kalamu tupige hesabu kidogo, manake kuna kitu nimekiona kwenye namba zako na sijui kama na wewe umekiona.

Una dakika 80 kwa wiki. Ukigawa darasa, kila mtoto anapata dakika 40 peke yake, mikono yake kwenye kibodi. Ukiwaacha wawili wawili na wakapokezana sawasawa, kila mtoto anapata dakika ngapi za mikono kwenye kibodi? 40 zilezile. Hakuna aliyeongezewa hata moja! Tofauti yote iko kwenye zile dakika 40 zingine, mikono ikiwa haipo kwenye mashine mtoto yuko wapi na anafanya nini. Njia moja anakuwa amekaa pembeni ya mwenzie anaangalia kazi inavyokwenda, njia nyingine yuko darasa lingine ambako umesema mwenyewe hakuna mwalimu.

Lakini ona nilivyosema, wakipokezana sawasawa. Hapo ndo naona pa kuchimba. Kwenye meza ya yule binti nadhani hakuna kupokezana. Mtoto anayetumia dakika nyingi kuandika jina lake baada ya nusu muhula hajapata dakika 40 za kibodi kwa wiki, labda kapata tano, na kijana kapata zilizobaki, wala si kwa ubaya, ni kwamba kazi inatakiwa kuisha na yeye ndo mwepesi. Kwa hiyo hata baba anaposema mwanae anapoteza muda kumsubiri mwenzie, mimi ningependa kukaa pale nyuma siku moja nihesabu ni nani hasa anamsubiri nani. Wewe unaweza kufanya hivyo. Usiwaambie, zunguka tu kama kawaida yako, chagua meza chache, kila dakika kadhaa tia alama ni mkono wa nani uko kwenye mausi. Kwa vipindi viwili tu utakuwa na karatasi ambayo itakusaidia kuongea na mkuu na baba kuliko hisia zako na za kwao.

Wala hili si la shule yako tu. Watafiti wa Microsoft Research kule India waliliona kwenye shule za vijijini, watoto wanajazana kwenye kompyuta moja alafu mmoja anashika mausi na wengine ni watazamaji. Wakatengeneza programu inayokubali mausi kadhaa kwenye mashine moja, kila mtoto ana mshale wake kwenye skrini. Mwaka 2007 walitoa matokeo ya jaribio la watoto 238 waliokuwa wanajifunza maneno ya Kiingereza, wakakuta kwamba watoto watano kwenye kompyuta moja, kila mmoja na mausi yake, kwa ujumla walijifunza maneno karibu sawa na mtoto aliyekaa peke yake. Watano! Kitu kingine walichokuta ni kwamba matokeo ya wavulana yalipanda na kushuka kutegemea kazi imepangwaje lakini wasichana walijifunza karibu kiwango kilekile kwenye kila mpangilio. Sikuletei hili nikisema kanunue mausi, kwanza kujifunza maneno si sawa na kutengeneza spredishiti, lile jedwali la hesabu la kwenye kompyuta. Nakuletea uone kwamba idadi ya vichwa kwa mashine haikuamua peke yake, mpangilio wa kazi nao uliamua, na huo mpangilio uko mikononi mwako hata na hizo 21.

Sasa kuhusu yule binti. Unaandika kwa uchungu kwamba hukukuta kitu kwenye folda yake, na nakuelewa. Ila mstari unaofuata unaniambia alikueleza habari ya seli tupu na sifuri. Mwalimu, hicho ni kitu ambacho watu wazima wanaofanya kazi maofisini miaka na miaka wanakosea, wanaweka sifuri mahali pa kuacha wazi alafu wanashangaa wastani umeporomoka. Huyu mtoto amekielewa akiwa ameketi pembeni bila kugusa. Kwa hiyo sijui kama ni sahihi kusema kukaa na mwenzie kumemnyima kujifunza. Kumemnyima vidole. Kichwa kimepata, pengine kimepata zaidi ya kingine chochote kwenye hiyo meza, manake yule kijana maswali mawili ya kueleza aliyaacha wazi na wewe umeyapitia haraka kwa sababu yana maksi chache. Mimi nimebaki hapo hapo. Aliyaacha kwa sababu ya muda, kwa kuyadharau, au kwa sababu hajui kwanini fomula yake inafanya kazi? Alimaliza wa kwanza kwa hiyo muda alikuwa nao. Inawezekana una watoto wawili ambao kila mmoja ana nusu, na mpaka sasa kila mmoja anakomazwa kwenye nusu aliyonayo tayari.

Ndiyo maana nafikiri swali la wawili au mmoja huenda lisiwe na jibu moja kwa somo lako lote. Kuna kazi za vidole, kutaip, kusevu, kutengeneza folda, kukopi na kupesti, kuprinti. Hizi hamna namna, mtoto lazima afanye mwenyewe tena na tena mpaka asifikirie, na kumkalisha mwenzie pembeni anaangalia ni kumpotezea muda kweli, hapo baba yuko sahihi na mwenzako wa hesabu yuko sahihi. Alafu kuna kazi za kichwa, kupanga jedwali liweje, kutafuta kosa liko wapi, kuandika programu ndogo. Hizi watu wazima wenyewe wanaolipwa mishahara wanazifanya wawili wawili kwa hiari yao. Waandishi wa programu wana utaratibu huo tangu miaka ya 1990, mmoja anaandika mwingine yuko pembeni anasoma kila mstari, anauliza, anaona kosa kabla halijazaa lingine, alafu wanabadilishana viti. Mtafiti Laurie Williams aliwapima wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Utah mwaka 1999, waliofanya wawili wawili ukijumlisha saa zao walitumia muda zaidi, kama asilimia 15 hivi, lakini programu zao zilifaulu majaribio mengi zaidi. Hao hawakuwa na uhaba wa mashine.

Kwa hiyo lile swali lako, kama ningeletewa 46 ningewakalisha wawili bado, unaweza kujikuta unalijibu vipande vipande, kwa kazi hii ndiyo na kwa kazi ile hapana. Na ukishajibu hivyo utajua kipi kwenye kauli yako ya kushirikiana kilikuwa imani na kipi kilikuwa uhaba. Mimi sioni aibu hata kama vyote vilikuwemo. Mtu anaweza kuamini kushirikiana na bado akaendelea kumwambia mkuu kila muhula kwamba kompyuta hazitoshi, na naomba uendelee kumwambia, kwa maandishi, ukitaja idadi ya zilizokufa. Kinachoniogopesha ni shule kutulia ikidhani kwa kuwa mwalimu anajua kuwapanga basi hakuna haja ya kununua.

Tuje kwenye njia ya kugawa darasa. Uzuri wake ni wazi, hakuna wa kunyang'anywa mausi, na wewe ukipita unaona mara moja nani kakwama kwa sababu hakuna wa kumficha. Mtoto kama yule binti pengine angepumua. Hatari zake umezitaja nusu. Ile nusu iliyobaki nje haina mwalimu, hiyo umesema. Ambayo hukusema ni wewe, utafundisha kitu kilekile mara mbili kila wiki na silabasi ikienda kwa nusu ya mwendo, na ukishachoka kundi la pili ndo litakalokula hasara, kila mara lilelile usipobadilisha zamu. Lakini usiitupe njia hii haraka. Kuna kazi za somo lako ambazo hazihitaji umeme kabisa. Kule New Zealand tangu miaka ya 1990 Tim Bell na wenzake wamekuwa wakifundisha sayansi ya kompyuta bila kompyuta, kwa kadi na karatasi, jinsi mashine inavyopanga namba kutoka ndogo kwenda kubwa, jinsi namba za mbili, zile za sifuri na moja tu, zinavyofanya kazi. Ukiwa na karatasi nzuri, nusu ya darasa inaweza kukaa mwisho wa chumba hichohicho inachora jedwali na kuandika fomula kwa mkono wakati nusu nyingine iko kwenye mashine, wote uko nao. Kelele zitakuwepo. Mipango ya somo itakuchukua jioni nyingi mwanzoni, hilo sikufichi, na unajijua mwenyewe kama hizo jioni unazo.

Na huyo mwenzako anayesema dunia nzima ni mtoto mmoja kompyuta moja, mwambie kwa upole tu kwamba wapo waliofika huko wakakuta mambo si mepesi hivyo. Peru waligawa laptopu kwa watoto kwa wingi sana kwenye ule mradi wa One Laptop per Child, kisha benki ya maendeleo ya nchi za Amerika ikafuatilia shule 319 za msingi, matokeo yakatoka mwaka 2012, kwenye hesabu na lugha hawakuona nyongeza, ingawa kwenye uwezo wa jumla wa kufikiri waliona dalili nzuri. Mashine zilifika, namna ya kufundisha ikabaki ileile. Hili lisikukatishe tamaa ya kupata mashine zaidi, ila likupunguzie ile hisia kwamba kwa kuwa na 21 umeshawahujumu watoto wako.

Njia ya laptopu za nyumbani ndo inayonitia wasiwasi zaidi, na bado sitaki kumwona yule baba kama mtu mbaya. Amekuja na kitu mkononi, wengi wanakuja na lawama tu. Hesabu yake ya foleni ni kweli, laptopu tano zikiingia, mabenchi yanapungua msongamano. Lakini kuna maswali ambayo shule lazima iyajibu kabla na si baada. Ikidondoka au ikiibiwa ni ya nani? Ikiwa na programu tofauti na za shule utafundisha menyu mbili kwa wakati mmoja? Ikiwa na gemu na video, jirani zake watatazama nini? Kanada walifanya jaribio na wanafunzi wa chuo, matokeo yakatoka 2013, waliokaa mahali wanaona skrini ya mwenzao anayefanya mambo yasiyohusu somo walipata asilimia 17 pungufu kwenye mtihani wa lile somo, na wao wenyewe hawakugusa kitu. Alafu liko lile ambalo moyo wako umelikataa, darasa kuwa na upande wa wenye zao na upande wa wasio nazo. Watoto wanaona haya mambo haraka sana. Je, ingekuwaje kama laptopu inayokuja darasani inakuwa mashine ya 22 ya darasa, yenye akaunti ya shule, anakaa atakayepangiwa? Baba anaweza kukataa, ni haki yake. Anaweza pia kukushangaza.

Ukiamua kubaki na wawili wawili, au kuchanganya, basi kuna mambo madogo ambayo naona yamekaa vibaya. La kwanza ni kusaidia. Ulimkalisha binti na kijana ili amsaidie, na nadhani alimsaidia kweli, kwa kumfanyia. Mtoto mwepesi akiona mwenzie anatafuta herufi mkono unamwasha, anachukua kibodi, kazi inaisha, wote wanashukuru, na aliyesaidiwa ndo kwanza amekosa zamu. Ungeweka sheria kwamba anayejua zaidi anaruhusiwa kusema na kuonyesha kwa kidole lakini hagusi mpaka zamu yake? Na zamu iite wewe, kwa saa ya ukutani, usiwaachie waombane, kwa sababu mtoto mpole hataomba kamwe. Kama wamekaa watatu, hapo mie ningekuwa mkali zaidi, yule wa tatu ndo anayepotea kabisa.

Jingine ni folda. Umeandika folda yake, kwa hiyo siku ya jaribio kila mmoja alikuwa na yake. Siku za kawaida je? Kama kazi yote inasevuliwa kwenye akaunti ya kijana na paswedi anayo yeye, basi binti hajawahi kusevu kitu chake, na siku kijana haji shule hana hata pa kuanzia. Huenda lile kosa la kufunga bila kusevu limetokea hapo. Kila mmoja akiwa na akaunti yake, na wakibadilishana viti wabadilishane na akaunti, mmoja analogauti mwingine analogini, utapoteza dakika mbili tatu kila kipindi lakini kila mtoto atakuwa na kazi yenye jina lake ya kukuonyesha.

Kuhusu nani akae na nani sina uhakika kama kuna kanuni. Mwepesi sana na mgeni kabisa unaona kinachotokea. Wageni wawili wanaweza kukwama pamoja kipindi kizima na kuoneana aibu kukuita, lakini pia wanaweza kucheka na kujaribu jaribu bila mtu wa kuwawahi. Jambo ambalo sijaliona popote kwenye barua yako ni yule binti mwenyewe kuulizwa. Anapenda kukaa na huyo kijana? Anaogopa kugusa kwa sababu ya kompyuta au kwa sababu ya macho ya mtu pembeni? Labda atakuambia anataka kubaki pale pale ila apewe zamu. Labda atataka kukaa na rafiki yake wanaolingana. Muulize mkiwa wawili tu, na kijana naye muulize kivyake, manake mpaka sasa aliyesema anapoteza muda ni baba yake, yeye hatujamsikia.

Ijumaa basi. Usiende na jibu la kumshinda baba. Msikilize tena, mwambie wasiwasi wake kuhusu mtihani na wewe unao kwa sababu ni kweli kila mtoto atakaa peke yake siku hiyo. Muonyeshe na kazi ya mwanae, ile safi pamoja na yale maswali mawili yaliyoachwa wazi, bila kumsema mtoto, mwambie tu hapa ndo ninapotaka akue na kueleza mambo kwa mwenzake ni mazoezi ya hicho hicho. Anaweza asikubali. Anaweza kusema hayo mwanae atayasoma nyumbani, na hapo utabaki na uamuzi wako na lazima uwe unauamini.

Na mkuu akitaka jibu kabla ya muhula, hakuna ulazima jibu liwe la milele. Unaweza kumwomba muhula mmoja wa kujaribu, labda kipindi kimoja cha wiki kiwe cha wawili wawili kwa zamu za saa na kingine kiwe cha nusu kwa nusu ndani ya chumba hichohicho, au mpangilio mwingine utakaouona wewe, alafu urudie jaribio lilelile la mtu mmoja mmoja katikati ya muhula, safari hii yale maswali ya kueleza yakipewa maksi zinazoonekana. Ukiwa na matokeo hayo na ile karatasi ya nani ameshika mausi, niandikie tena ukipenda, ningependa sana kujua.

Anti